Majivu, Maji na Mwaka 1959

Mimi mtu wa Temeke, mvua ikinyesha nawaza mafuriko tu. Lakini fuvu la Zinjanthropus, linalohifadhiwa hapahapa mjini, Makumbusho ya Taifa, limenifundisha kwamba maji hufukua pia.

Volkano za Ngorongoro, na baadaye Ol Doinyo Lengai, zilimwaga majivu Serengeti. Yakaganda chini ya udongo kama sakafu. Mizizi ya miti ikashindwa kupenya, nyasi zikatawala. Pale Oldupai, maji yakakata korongo, mmomonyoko ukaacha mfupa unachungulia. Julai 1959 Mary Leakey akauona: miaka milioni 1.75.

Mwaka huohuo Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti, na Wamaasai wakatakiwa kuihama Serengeti. Wa kale kahifadhiwa, aliye hai kaondolewa. Sasa tukisema nyika ile ni "asili tupu", jamani, tunamfuta nani?