Linux kuwaka kutoka kwenye flashi

Kuwaka kutoka kwenye flashi ni utaratibu ambao kifaa kidogo chenye Linux ndani yake, kama ruta au bodi ya majaribio, hujiamsha kwa programu zilizohifadhiwa katika chipu ya flashi iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe, bila diski. Flashi hii si ile ya kuchomeka inayouzwa barabarani Tabata, Dar es Salaam, ingawa zote ni za ukoo mmoja, uliobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, katika miaka ya 1980. Hutunza data hata umeme ukizimwa, na hufutwa fungu zima kwa mpigo.

Dar es Salaam ilijazwa vifaa vya namna hii baada ya 31 Desemba 2012, televisheni ya analojia ilipozimwa jijini na watu wakalazimika kununua ving'amuzi. Si kila king'amuzi kinatumia Linux; vingine vina mifumo midogo zaidi. Ila ngazi za kuwaka hufanana.

Ngazi hizo huonekana vizuri kwenye BeagleBone Black, bodi ya mwaka 2013 inayomfaa sana anayejifunza. Prosesa inapopata umeme haina RAM ya kutumia, kwa sababu RAM ya nje lazima kwanza ipangiwe kasi na vipimo vyake. Iliyo tayari ni programu fupi iliyopachikwa kiwandani ndani ya prosesa, isiyofutika. Hiyo huisoma flashi, ikachukua programu ndogo iitwayo SPL na kuiweka katika kumbukumbu ya ndani ya kilobaiti mia moja na ushei. SPL huiamsha RAM, kisha huiita U-Boot, programu iliyoanzishwa na Wolfgang Denk wa Ujerumani. U-Boot nayo hupakia kerneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na faili linaloeleza bodi ina vifaa gani, na kuiambia mafaili ya mfumo yako wapi. Kerneli huyafungua, ikaanzisha programu ya kwanza, init. Ni mbio za kupokezana kijiti: mmoja akikidondosha, waliobaki hawakimbii.

Kijiti hudondoka mara nyingi wakati wa kubadilisha softiwea. Umeme ukikatika kifaa kikiwa kinasoma flashi, hakuna hasara. Ukikatika kikiwa kinaandika, mambo ni mengine: fungu, ambalo katika chipu nyingi za flashi ya aina ya NAND ni kilobaiti 128, lazima lifutwe kwanza ndipo liandikwe, na kati ya matendo hayo mawili, data ya zamani imeshatoweka na mpya haijafika. Mifumo ya mafaili kama JFFS2 ya 2001 na UBIFS ya 2008 hukwepa hatari hiyo kwa kuandika mahali papya kabla ya kuachia pa zamani. Kinga bora zaidi ni kuweka nakala mbili kamili za mfumo na kubadilisha moja tu kwa wakati. Kwa mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, nakala ya pili ni sharti la kwanza la usanifu, hata ikigharimu nusu ya chipu.

Fundi anayetaka kujua kijiti kimedondokea wapi huunganisha waya wa siriali wa volti 3.3 (wa volti 5 unaweza kuiua prosesa) kati ya bodi na kompyuta, na kusoma maandishi yake kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Maandishi yakifika «Starting kernel» kisha kimya, mara nyingi faili la kueleza bodi si lake, au kerneli inaongea kwenye mlango mwingine. Kerneli ikilalamika kwamba haioni mzizi wa mafaili, U-Boot imeielekeza pabaya. Flashi ikiwa imeharibika kabisa, BeagleBone huweza kuwaka kwa kadi ndogo ya kumbukumbu: kitufe kilicho karibu na kadi hubonyezwa huku umeme ukiingizwa.

Na kama hakuna kadi, kwenye skrini ya kompyuta hiyo hujitokeza herufi C, moja baada ya nyingine. Wengi huitupa bodi hapo. Kumbe ile programu ya kiwandani ingali hai: imetafuta kila mahali, imekosa, na sasa inaomba SPL itumwe kupitia waya huo huo.