Kasoro za mji wa mimba na hatari zake wakati wa uzazi

Mji wa mimba hulinganishwa na peasi lililopinduliwa. Kwa mwanamke asiye mjamzito, urefu wake ni sentimita 7 au 8. Mimba inapokomaa, huwa na uzito wa takriban kilo moja, nayo damu ipatayo nusu lita au zaidi huupitia kila dakika. Ndiyo sababu hitilafu ndogo katika kiungo hiki huweza kugeuka dharura kwa muda mfupi mno.

Kasoro za umbo huanza kabla ya msichana mwenyewe kuzaliwa. Mirija miwili iliyo katika kijusi hutakiwa kuungana, kisha kiambaza kilicho katikati kiyeyuke. Ikiungana nusu, mji huwa na pembe mbili. Isipoungana kabisa, huwa miji miwili. Na mrija mmoja ukidumaa, hubaki nusu ya mji. Kiambaza nacho huweza kubaki. Inakadiriwa kuwa wanawake 5 au 6 kati ya 100 wana kasoro ya aina hii, na takriban 13 kati ya 100 miongoni mwa waliowahi kuharibikiwa na mimba. Wengi hawajui, kwa kuwa hedhi yao huja kama kawaida.

Wengi wao pia hujifungua salama. Hata hivyo, nafasi ikiwa finyu, mtoto hushindwa kugeuka akatanguliza makalio, au huzaliwa kabla ya wakati. Kuondoa kiambaza kwa upasuaji kulisifiwa kwa miaka mingi, lakini jaribio la wanawake 80 lililochapishwa mwaka wa 2021 halikuonyesha kwamba waliopasuliwa walipata watoto zaidi ya wenzao. Hatari kubwa ni mimba inayokaa katika pembe iliyodumaa. Pembe hiyo huweza kupasuka kabla ya miezi saba, damu ikamwagikia ndani ya tumbo pasipo hata tone kuonekana nje. Maumivu makali ya ghafla pamoja na kizunguzungu si mambo ya kusubiri hadi asubuhi.

Jijini Nairobi, mama mjamzito wa Kawangware, Kangemi au Dagoretti aghalabu huanzia kliniki katika kituo cha afya cha mtaani. Mambo yakiwa magumu, hupelekwa Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta, au avuke katikati ya jiji hadi Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanzishwa mwaka wa 1926. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito apigwe picha ya altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Si kila kituo kina mashine hiyo, na wengine huahirisha kwa sababu ya gharama. Kuahirisha huko kuna hasara yake: umbo la mji huonekana vyema mimba ikiwa changa, kwani baadaye mtoto huujaza wote.

Kasoro nyingine hupatikana ukubwani. Uvimbe wa fibroidi huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika, nao huweza kuziba njia ya mtoto. Kovu la upasuaji wa awali nalo huweza kufumuka wakati wa uchungu. Dalili zake ni maumivu yasiyotulia hata uchungu unapopoa, au uchungu kukatika ghafla. Mwenye kovu hafai kujaribu kuzalia nyumbani, wala kunywa dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu.

Baada ya mtoto kutoka, mji uliotanuka kupindukia au wenye uvimbe huenda usijikaze, na damu ikaendelea kutoka. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulichapishwa mwaka wa 2023. Wakunga walipopima damu kwa karatasi maalumu ya plastiki iliyowekwa chini ya mama, kisha wakatoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, visa vya kuvuja damu kupindukia, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu hiyo vilipungua kwa asilimia 60.