Malezi ya Utotoni na Wauaji wa Mfululizo

Muuaji wa mfululizo ni mtu anayeua watu wawili au zaidi katika matukio tofauti, si kwa mpigo mmoja. Maana hiyo ilitokana na mkutano wa wataalamu ulioitishwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka 2005. Swali la utoto wa wauaji hawa ni la zamani zaidi.

Mwaka 1963 daktari wa akili John Macdonald alitaja dalili tatu alizoziona kwa wagonjwa waliotishia kuua: kukojoa kitandani, kuchoma vitu moto na kutesa wanyama. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha kwamba zinabashiri mauaji. Mzazi wa Usangi au Lembeni, wilayani Mwanga, Kilimanjaro, ambaye mwanawe bado anakojoa kitandani asimwogope, na wala asimchape. Mtoto anayetesa wanyama kwa makusudi, tena mara kwa mara, ndiye wa kuangaliwa, kwa kuwa huenda naye anateswa.

Maafisa wa FBI Robert Ressler na John Douglas, pamoja na mtafiti Ann Burgess, walichapisha mwaka 1988 kitabu kuhusu wauaji 36 waliohojiwa magerezani. Wengi walisimulia vipigo, kunajisiwa na upweke. Lakini ukianza na muuaji ukarudi nyuma, humwoni aliyeteswa vilevile akakua mtu mwema. Mtafiti Cathy Widom alianzia upande wa pili: mwaka 1989 alitoa matokeo ya kufuatilia watoto 908 ambao mateso au kutelekezwa kwao kulithibitishwa mahakamani. Walivunja sheria zaidi kuliko wenzao wasioteswa, ila walio wengi hawakuwa na kosa lolote la ukatili.

Kwa Tanzania hoja hii ni nzito. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana walipigwa au kuumizwa mwili. Kama kipigo peke yake kingezaa wauaji, nchi isingekalika. Hatari hukua mateso yanaporudiwa, mtoto akawa na maumbile au jeraha la ubongo linalomwelemea, na asiwe na bibi, shangazi wala mwalimu wa kumsikiliza.

Afrika Mashariki utoto wa washukiwa haujulikani vyema, kwa sababu kesi hukatika njiani. Nchini Kenya, Philip Onyancha aliyekamatwa mwaka 2010 kwa tuhuma za mauaji alidai aliingizwa katika ibada ya damu akiwa mwanafunzi wa sekondari. Masten Wanjala, mwenye miaka 20, alikamatwa Julai 2021. Polisi walisema amekiri kuua watoto zaidi ya 10, akianza na miaka 16. Oktoba alitoroka mahabusu, akauawa na wananchi Bungoma kabla ya kesi kusikilizwa. Hasira ya wafiwa inaeleweka, lakini mauaji yale yaliwanyima majibu.

Mshtakiwa wa mauaji kutoka Mwanga husikilizwa na Mahakama Kuu, Moshi, na akili yake ikitiliwa shaka anaweza kupelekwa Isanga, Dodoma, kituo cha wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Lakini kufikia hapo mwathirika ameshakufa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka jamii iingilie mapema: unapojua mtoto anateswa, mwone afisa ustawi wa jamii, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, bila malipo.