Picha ya Sebule, na Kilichofichwa Nyuma Yake

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya picha moja. Ilichorwa London kati ya mwaka 1769 na 1770 na Johan Zoffany, Mjerumani aliyehamia Uingereza na kujipatia riziki kwa kuwachora wakubwa ndani ya nyumba zao.

Mwenye nyumba ni Sir Lawrence Dundas, Mskochi. Ameketi mezani penye karatasi zake, na mjukuu wake mdogo yuko kando. Lakini wao ni sehemu ndogo tu ya picha. Kwingine kote ni mali: zulia kubwa, kuta za buluu, sanamu ndogo za shaba zilizopangwa juu ya mahali pa kuotea moto, na picha ndani ya picha. Ile kubwa, ya vyombo kwenye bahari shwari, ni kazi ya Mholanzi Jan van de Cappelle. Mimi naona Zoffany alichora kama karani anayeorodhesha mirathi.

Kwa nini mtu ajichoreshe hivyo? Dundas hakuzaliwa na cheo. Baba yake aliuza nguo Edinburgh. Yeye alitajirika kwa vita. Katika Vita vya Miaka Saba, 1756 hadi 1763, alipata zabuni ya kulipelekea jeshi la Uingereza lililokuwa Ujerumani mikate, malisho ya farasi na magari ya kukokotwa. Askari walikufa, yeye akanenepa. Mwaka 1762 akapewa daraja la kuitwa "Sir", lakini si ulodi. Ulodi aliutafuta kwa udi na uvumba, akafariki mwaka 1781 bila kuupata. Basi picha hii naisoma kama barua ya maombi: nyumba ya lodi ninayo, bado jina.

Halafu kuna kisichochorwa. Dundas alimiliki mashamba mawili yaliyolimwa na watumwa, moja Dominica na jingine Grenada. Hao walikuwa watu waliotolewa bara letu hili, na wazao wao. Zulia tumeonyeshwa hadi nakshi zake. Wao, hata kivuli hakipo.

Na yule mtoto? Mwaka 1838, akiwa mzee, alifanywa Earl wa Zetland, cheo kikubwa kuliko alichokiota babu yake. Mwaka huohuo, tarehe 1 Agosti, waliokuwa watumwa wa Dominica na Grenada waliachiwa huru kabisa.