Bunduki ya Mhusika Wangu

Nilimaliza kidato cha nne miaka sita iliyopita, na tangu hapo nina madaftari matatu makubwa ambayo nyumbani wanayaita karatasi za mwendawazimu. Mimi naiita riwaya. Ni habari za kijana mmoja wa Pangani mwaka 1888, Wadachi walipokuja kupandisha bendera yao. Katika sura ya nne kijana huyo anajibanza nyuma ya mnazi, anachomoa bastola, paa! paa! paa! Maadui sita chini. Niliwasomea wenzangu kijiweni Ngamiani, wakapiga makofi. Basi nikavimba kichwa, nikapanda basi la Pangani kwenda kumsomea babu mzaa mama.

Babu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hiyo bastola kaipata wapi?"

"Kanunua, babu."

"Na risasi zikimwishia?"

Nikanyamaza.

"Mjukuu wangu, huyo si mtu wa Pangani. Huyo umemtoa kibanda umiza."

Kweli tupu. Bastola ile niliitoa kwenye filamu za kauboi. Ni ile ambayo kila ukitaka kupiga lazima kwanza uvute nyundo yake nyuma kwa kidole gumba, tundu la risasi lizunguke likae sawa, ndipo ufyatue. Kampuni ya Colt ya Marekani ilitoa ya kwake iliyo maarufu kuliko zote mwaka 1873. Mpaka leo wako Wamarekani wanaoipenda kwa kulenga shabaha, kwa kuwa nyundo ikishavutwa, kidole hakihitaji nguvu nyingi na mkono hautikisiki. Wengine huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, wakayatia fataki mpya, baruti na risasi kwa mikono yao wenyewe. Kwao ni burudani ya jioni.

Sasa tuirudishe bastola hiyo Pangani ya 1888. Si kwamba haikujulikana. Wazungu waliopita pwani hii kwenda bara walitembea nazo kiunoni. Lakini bastola ya namna ile hula risasi yenye ganda la shaba, na ganda hilo hutoka kiwandani, ng'ambo. Likiisha umebaki na chuma cha kupondea karanga. Kijana wa mrima, mtoto wa mvuvi, angekula nini na risasi angenunua kwa nani?

"Basi nimpe bunduki gani?" nikamwuliza babu.

"Mpe gobore. Babu yangu alikuwa nalo."

Akanionyesha kwa fimbo yake ya kutembelea jinsi lilivyojazwa. Unalisimamisha gobore, kitako chini. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, ukikosea kipimo unajilipua mwenyewe. Unatia kitambaa, unachukua mdeki, kile chuma chembamba kinacholala chini ya mtutu, unashindilia. Unatia risasi, na kama huna, kipande chochote cha chuma. Unashindilia tena. Kisha fataki, au kwa yale ya zamani zaidi, gumegume, jiwe la kutoa cheche. Ndipo unalenga. Mvua ikinyesha, ndiyo basi tena. Ukipiga, moshi unakufunika, hujui umepata au umekosa, na adui keshajua uliko. Halafu unaanza upya.

Nilimtazama babu akishindilia fimbo yake hewani, nikaona sura yangu ya nne yote ni uongo.

Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba magobore haya ndiyo yaliyopindua mambo huku kwetu hata kabla ya Wadachi. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambaa akikaa Vuga, juu mlimani, na nguvu zake zilikuwa mifugo, kodi na mvua. Mwanawe Semboja akakaa bondeni, Mazinde, kwenye njia ya misafara. Pembe zikishuka Pangani, bunduki na baruti zinapanda. Kimweri alipofariki miaka ya 1860, Semboja akamng'oa mrithi aliyekuwa Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe. Yeye hakwenda kukaa kileleni. Alibaki Mazinde, bunduki zilikopita. Ukitaka kuzisoma zama hizo kwa Kiswahili, tafuta *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi nao.

Bunduki zilikuwa nyingi mno. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba baina ya bunduki 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu, mitumba ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kubadilisha silaha. Naam, mitumba haikuanza na mashati.

Agosti mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaja Pangani kushika utawala, chini ya Emil von Zelewski. Watu wakakataa, wakaongozwa na Abushiri bin Salim. Mwaka 1889 akaja Hermann Wissmann na askari aliowakusanya Misri na Msumbiji, bunduki za Mauser na mizinga. Mei 8 wakaivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, Julai wakaichukua Pangani na Tanga. Desemba 15, 1889, Abushiri akanyongwa Pangani, mji uleule ambao babu yangu anauza madafu.

Si kwamba watu wetu walikosa moyo. Wengi wao walikuwa na gobore, na wakati mmoja anashindilia, mwenzake wa upande wa pili keshapiga mara kadhaa.

Lililonikata maini lakini ni la mwaka uliofuata. Julai 1890 wakubwa wa dunia walitia saini mkataba Brussels. Walisema ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake waliandika kwamba kutoka latitudo 20 Kaskazini hadi 22 Kusini, bunduki za kisasa, zenye mifuo ndani ya mtutu na zinazojazwa kwa nyuma, zizuiwe. Yaliyoachiwa mlango ni magumegume na baruti ya kawaida, tena kwa idhini ya serikali. Mimi nilidhani babu yake babu alishika gobore kwa sababu hakujua jipya. Kumbe kasi ya mkono wake ilikatwa mezani, Ulaya.

Hata askari weusi wa Mjerumani hawakupewa lililo bora. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi lao Ras Kasone, kama watu 8,000, waliowakabili chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000. Wengi wa askari hao walibeba bunduki za mwaka 1871, za risasi mojamoja, zenye baruti ya moshi. Kila wakipiga, wingu jeupe linawasaliti. Wakashinda hivyohivyo. Waingereza walipokimbilia merikebuni waliacha bunduki mpya za kutosha makampuni matatu ya askari, pamoja na mamia ya maelfu ya risasi. Hapo ndipo askari wengi walishika silaha ya zama zao, kwa kuiokota.

Basi ndugu msomaji, na hasa wewe mwenzangu unayeandika usiku kwa taa ya simu, nimeifuta sura ya nne. Nimemnyang'anya kijana wangu bastola, nimempa gobore la baba yake na baruti ya kupiga mara moja tu. Sasa yuko nyuma ya mnazi ule ule, na mambo yamekuwa magumu, kwake na kwangu. Risasi moja. Ampige nani? Yule mwenye bendera, au yule askari mwafrika anayemjia mbele na Mauser? Kwa bastola hakuwa na haja ya kufikiri, wala mimi.

Mwezi uliopita nilirudi Pangani nikamsomea babu. Safari hii hakucheka. Nilipofika pale moshi unapotanda na kijana anapapasa mdeki, nikafunga daftari.

"Enhe," akasema, "alimpata?"

Nikamwambia bado sijaandika.

"Andika basi, mjukuu wangu. Nami nina miaka yangu."