Meli, Ndege na Betri ya Kubadilisha: Nani Anashika Nguvu?

Hapa Gasenyi hakuna asiyejua foleni ya esansi. Gari linalala kituoni, nauli inapanda, mgonjwa anasubiri. Ndo maana leo nimechagua historia ya betri ya kubadilisha. Maana yake ni rahisi: chombo kikiishiwa nguvu hakisimami masaa mengi kuchaji. Kinatolewa betri tupu, kinapewa iliyojaa, safari inaendelea. Siku hizi wanafanya hivyo kwa meli na hata kwa ndege. Lakini sitaki tuangalie ufundi peke yake. Tangu zamani, anayeshika nguvu ya chombo ndiye anayeamua kama kitaenda au kitabaki.

Tuanze na ziwa letu Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani walitengeneza meli huko Papenburg, wakaiita Graf von Götzen. Waliifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000. Ikafika Dar es Salaam kwa bahari, halafu Kigoma kwa reli. Mwaka 1915 ikaelea ziwani. Ilikuwa meli ya mvuke. Julai 1916 vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao walikuwa wamezipaka injini grisi nzito ili zisioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikatolewa, zikawekwa injini za mazutu, yaani dizeli.

Hapo kuna kitu cha kushika. Nguvu ya Liemba ilikuwa imefungwa ndani ya tumbo la meli. Kubadilisha chakula chake kulimaanisha kuifungua meli na kuisimamisha muda mrefu.

Na hiyo meli si habari ya Wazungu tu. Mwaka 1997 HCR iliitumia kurudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kutoka Tanzania. Tena Mei 2015, Warundi makumi ya maelfu walikuwa wamejaa Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, karibu na mpaka, ambako gari halikuwa na njia ya kufika. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 30. Liemba ilibeba kama watu 600 kwa safari moja hadi Kigoma, kutoka pale wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu. Wengine wetu tuna ndugu waliopita njia ile. Sasa jiulize: kama siku zile mazutu yangekosekana Kigoma, wale watu wangebaki na nani pale ufukweni?

Turudi kwenye betri. Watu wengi wanadhani kubadilisha betri ni wazo la jana. Hapana. Mwaka 1907 London ilikuwa na mabasi ya umeme yaliyokuwa yanaingia gereji, yanabadilishiwa betri kwa dakika chache tu, halafu yanarudi barabarani. Kampuni ile ilianguka baada ya muda mfupi, na kilichoiangusha ni udanganyifu wa wakubwa wake, wala si ubaya wa betri. Marekani, katika mji wa Hartford, kampuni ya umeme ilifanya kazi kama hiyo kuanzia 1910 hadi 1924. Mwenye lori alinunua lori bila betri. Betri ilikuwa ya kampuni, na yeye alilipa kulingana na maili alizotembea. Hapo ndipo lilipoanza jambo kubwa: gari langu, lakini nguvu yake ya mtu mwingine.

Baadaye kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijaribu tena huko Israeli na Denmark. Ilijenga vituo vya bei kubwa sana, lakini ni gari la aina moja tu, Renault Fluence, lililokubali betri zake. Wateja walikuwa wachache, na mwaka 2013 ikafilisika. Kituo cha betri bila vyombo vingi vinavyokubali betri hiyo ni kama kufungua duka la viatu vya namba moja.

Majini mambo yalianza kidogo kidogo, na hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Mnajua wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa, leo wengi wana taa za LED, na asubuhi betri inarudi ufukweni kuchajiwa. Huko Mbita, Kenya, kwenye Ziwa Victoria, mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram na shirika la Global Nature Fund walifungua kituo cha nguvu ya jua. Mvuvi aliweka dhamana, akachukua taa yenye betri iliyojaa, akavua, akairudisha. Hakuhitaji kununua paneli wala kujua ufundi. Ile betri haikusukuma mtumbwi, iliwasha taa tu. Lakini utaratibu ni ule ule.

Meli zenyewe zilifuata. Mwaka 2021 Uholanzi, meli ya mtoni iitwayo Alphenaar ilianza kubeba bia ya Heineken kati ya Alphen aan den Rijn na Moerdijk ikitumia makontena mawili ya betri. Yakiisha nguvu, winchi inayashusha, inapandisha mengine. Mwenye meli hakununua betri, alilipia umeme aliotumia. Ni Hartford ile ile, ila juu ya maji. China nao, mwaka 2024 meli kubwa zaidi, Green Water 01 ya kampuni ya COSCO, ilianza safari kati ya Shanghai na Nanjing kwenye mto Yangtze. Inaweza kupakia makontena 700, na baadhi ya makontena hayo ndiyo betri zake.

Na ndege? Hapa hatuhitaji kwenda mbali, tuvuke mpaka tu. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline inarusha ndege ndogo zisizo na rubani kutoka Muhanga, Rwanda, kupeleka damu hospitalini. Ndege inarushwa kwa mtambo kama manati, inadondosha mzigo kwa parashuti ndogo, inarudi, inadakwa na kamba. Mfanyakazi anatoa betri, anaweka nyingine. Tena walifanya akili: kifaa cha GPS wamekiweka kwenye betri yenyewe, kiko macho muda wote, kwa hiyo ndege haipotezi muda kutafuta satelaiti kabla ya kuruka.

Lakini tusidanganyane. Ndege zile hubeba chini ya kilo 2. Kilo moja ya mazutu ina nguvu ya kama kWh 12, na kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kWh moja. Injini ya mazutu inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake kwa joto, lakini hata hivyo tofauti ni kubwa. Ndo sababu ndege ya abiria wengi ya kwenda mbali bado haiwezi kutegemea betri, na meli hizi za betri zinafanya safari fupi zenye vituo. Ziwa letu lina urefu wa karibu kilomita 670. Kwenda mpaka Mpulungu, Zambia, bado ni kazi ya mazutu. Lakini Bujumbura na Uvira wanatazamana. Rumonge ni kilomita 70 na kitu. Safari kama hizo ndizo za betri.

Na umeme wa kuzijaza? Hautoshi bado, ila vyanzo vyake viko hapa hapa. Maji ya Ruzizi yanatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, na bwawa la pili, la mwaka 1989, ni la Burundi, Rwanda na Kongo pamoja. Mubuga, kule Gitega, kuna kituo cha jua cha megawati 7.5 tangu 2021. Mazutu yanatoka mbali na yanataka dola. Jua halitaki dola kila wiki.

Basi historia inatuachia maswali matatu, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika naomba myabebe mnapoandika miradi. La kwanza: betri itaingia kwenye boti za aina zote au boti ya kampuni moja? Better Place inatufundisha hapo. La pili: betri ni ya nani? Ikiwa ya kampuni peke yake, siku ikifunga mlango boti zote zinalala. Ikiwa ya ushirika wa wavuvi na wenye boti, wana sauti. La tatu ndilo letu hasa: nani ataruhusiwa kukodi? Mbita walitaka dhamana. Wengine watataka kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki, laini ya simu yenye jina lako. Kijana mwenye karatasi ya ukimbizi tu atapewa betri, au ataambiwa arudi kesho?

Mwaka 2015 kule Kagunga Liemba ilibeba watu waliokimbia. Kitambulisho cha taifa kisiwe sharti la kupata nguvu ya chombo. Vyombo vipya vikija ziwani, na vitakuja, tuombe sheria hiyo iandikwe mapema, kabla betri ya kwanza haijashushwa ufukweni. Andikeni maoni yenu hapo chini, hasa ninyi wenye ndugu wanaofanya kazi ya boti.