Kifaa kinachomwambia askari wa zimamoto "sasa pumzika": kinafanyaje kazi?

Msikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama, kila tunapotangaza habari za moto, watu huuliza kwanza: nyumba ngapi zimeungua? Ni mara chache kuulizwa hali ya aliyekuwa anauzima. Leo tunaeleza teknolojia inayomwangalia mtu huyo.

Kwa nini uchovu ni hatari?

Koti, kofia ngumu, buti na mtungi wa hewa vya askari wa zimamoto huzidi kilo 20. Mavazi hayo huzuia moto usimfikie, lakini pia huzuia joto la mwili lisitoke. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye misuli na wakati huohuo kwenye ngozi ili mwili upoe. Nchini Marekani, matatizo ya ghafla ya moyo yamekuwa kwa miaka mingi chanzo kikuu cha vifo vya askari hao wakiwa kazini.

Hapa Tanzania tunaukumbuka moto wa Mlima Kilimanjaro ulioanza Oktoba 11, 2020. Mamia ya watu, wakiwemo askari, wahifadhi wa TANAPA na wananchi wa kujitolea, walipambana nao kwa siku kadhaa, mahali palipoinuka na penye hewa nyepesi.

Kifaa kinapima nini?

Ni vihisi vidogo vinavyovaliwa kama saa mkononi au mkanda kifuani. Hupima mapigo ya moyo, upumuaji, joto la ngozi na mwendo wa mwili, kisha hutuma taarifa kwa kiongozi wa kikosi.

Kompyuta inajifunzaje?

Mapigo 160 kwa dakika hayana maana moja kwa kila mtu. Kijana wa miaka 22 anaweza kuyamudu. Mwenye miaka 50 yuko karibu na kikomo chake. Tena moyo hupiga haraka kwa kazi, kwa joto, hata kwa hofu. Kwa hiyo watafiti huipa kompyuta mifano mingi: vipimo vya askari wakiwa mazoezini, pamoja na majibu yao walipoulizwa wamechoka kiasi gani. Kompyuta huona ni vipimo gani huja pamoja na uchovu, kisha hukadiria kwa mtu mwingine. Hii ni sehemu ya akili mnemba.

Mapungufu yapo. Jasho na mtikisiko huharibu vipimo, betri huisha, na mtandao hukatika. Pia kuna suala la siri: vipimo vya afya ya askari visigeuzwe sababu ya kumnyima kazi.

Sisi tusio na kifaa je?

Aliyechoka sana mara nyingi hajijui, au anaona aibu kusema. Kwa hiyo, moto ukishika nyasi au mazao, zimeni wawili wawili, mkiangaliana. Pokezaneni, mnywe maji kabla ya kiu. Mwenzako akipata kizunguzungu, kichefuchefu au akianza kuongea ovyo, mtoe, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji na mwahi kituo cha afya. Asirudi motoni siku hiyo.

Na kabla ya yote, pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Shamba litalimwa tena mwakani. Anayelilima hana mbadala.